Waswasi Uliogeuka Ugonjwa: Uanze Mirembe, Hospitali ya Mkoa, kwa Mwanasaikolojia au kwa Simu?

Namwandikia mtu wa Dodoma na wilaya zake ambaye amekwisha kukubali kwamba anahitaji msaada, ila amekwama kwenye swali la mlango upi abishe kwanza. Amesali. Ameambiwa "acha tu, usiwaze sana." Pengine amepelekwa kwa mganga akarudi na hirizi. Na bado kila usiku anaamka kukagua kitasa ambacho amekwisha kukikagua.

Ugonjwa huu wataalamu wengi nchini huutaja kwa herufi tatu, OCD. Una pande mbili. Upande wa kwanza ni wazo, taswira au shaka inayojileta bila kuitwa na inayomtisha mwenyewe: mikono imebeba uchafu wa kuua, jiko la gesi halijazimwa, nia ya sala haikutimia, tusi dhidi ya Mungu limepita kichwani. Kwa wengine ni wazo la kumdhuru mtoto waliyempakata, na hilo watu hulificha kuliko yote. Upande wa pili ni tendo linalofanywa ili hofu ishuke: kunawa, kukagua, kuhesabu, kurudia udhu, kuomba toba kimoyomoyo mara kadhaa, kumuuliza mwenzako "una uhakika?" Hofu hushuka kweli, lakini kwa dakika chache. Ikirudi, inadai tendo lile lile, na safari hii linadaiwa kwa muda mrefu zaidi.

Kukagua mlango mara mbili si ugonjwa. Madaktari huangalia kama mawazo na matendo hayo yanakula zaidi ya saa moja kwa siku, au yanavuruga kazi, masomo, ibada na ndoa. Katika kila watu 100, kati ya mmoja na watatu huupata wakati fulani wa maisha yao, na mara nyingi huanza utotoni au katika ujana. Kwa hiyo katika darasa lolote kubwa la Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), au ofisi yoyote yenye watu wengi kule Mtumba, kwenye mji wa serikali, yumkini yupo anayeupigania kimya kimya.

Hapa kwetu ugonjwa huu hujitangaza mapema kwenye maji. Dodoma ni mji mkavu unaotegemea sana visima vya Mzakwe, na mtaa ukiwa kwenye mgao nyumba nzima huishi kwa madumu. Anayemaliza dumu la lita 20 kwa kunawa mikono na kuosha kitasa cha choo haonekani mgonjwa. Huonekana mfujaji, au mwenye majini. Familia hukasirika kwanza, ndipo huja kuuliza.

Vigezo vya kulinganisha

Nimechagua vitano, na nitavitumia kwa kila mlango bila upendeleo.

*Utambuzi.* Je, huyo mtu ataujua ugonjwa akiuona? OCD hudhaniwa kuwa wasiwasi wa kawaida, sonona, au hata kuchanganyikiwa. Mtu wa OCD kwa kawaida anajua kwamba wazo ni la kichwa chake mwenyewe, na analichukia. Hiyo ni tofauti kubwa na mtu anayesikia sauti na kuziamini, na dawa zake pia ni tofauti.

*Mazoezi.* Hiki ndicho kigezo ambacho watu hawakijui, nami nakipa uzito mkubwa. Tiba ya mazungumzo yenye ushahidi mzito zaidi kwa OCD ni ya kukabili hofu na kuzuia tendo. Mgonjwa na mtaalamu huorodhesha vitu vinavyotisha, kuanzia chepesi hadi kizito. Kisha mgonjwa hugusa, tuseme, kitasa cha choo, halafu hanawi. Hofu hupanda, hukaa, na polepole hulegea bila tendo lolote. Hurudia kesho, na kesho kutwa, akipanda ngazi. Kwa kawaida huchukua vikao 12 hadi 20, pamoja na mazoezi ya nyumbani kila siku, na zaidi ya nusu ya wanaovimaliza hupata nafuu kubwa.

Njia hii ilianzia London. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer aliandika kuhusu wagonjwa wake wawili waliotibiwa hospitalini kwa kukabili vitu walivyoviogopa huku wauguzi wakiwazuia kufanya matendo yao. Kwa mgonjwa wa kunawa, hata bomba za chumbani zilifungwa. Nataja hilo kwa makusudi, kwa sababu nimesikia watu wakisema mgao utamponya mtu wao. Hautamponya. Maji yakikatika bila yeye kuridhia, hujifunza kuhifadhi madumu mengi zaidi. Siku hizi zoezi hufanywa kwa ridhaa ya mgonjwa, kwa hatua alizozikubali mwenyewe.

*Dawa.* Zinazosaidia ni zile zinazogusa kemikali ya ubongo iitwayo serotonini: fluoksetini, sertralini na wenzao, pamoja na klomipramini, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya ugonjwa huu hasa. Mambo mawili huwakatisha watu tamaa. Kwanza, dozi ya OCD mara nyingi huwa kubwa kuliko ya sonona. Pili, huhitaji wiki 8 hadi 12 kabla ya kuhukumiwa. Wengi huacha wiki ya tatu wakisema "haikunisaidia." Ikisaidia, huendelea kunywewa kwa mwaka mmoja au zaidi, na haikatizwi ghafla.

*Gharama na marudio.* Usihesabu ada ya siku ya kwanza peke yake. Hesabu nauli, siku ya kazi inayopotea na vocha ya intaneti, mara vikao vyote.

*Macho ya watu.* Faragha, kwa maana nyingine. Nani atakuona ukiingia, na hilo litakuzuia kurudi?

Mlango wa kwanza: kliniki ya nje, Mirembe

Mirembe ndiyo hospitali ya taifa ya afya ya akili, na iko hapa hapa mjini tangu mwaka 1927. Watu husafiri kutoka mikoa ya mbali kuifuata, na sisi tunaopita jirani yake kwa bodaboda ndio tunaoikwepa.

*Utambuzi.* Hapa pana nguvu. Madaktari bingwa wa afya ya akili wako katika kazi yao ya kila siku. Ukiwaeleza wazo la kisu na mtoto, hawatashtuka, maana wamekwisha kulisikia. Kama kuna kitu kingine kimeambatana, kama sonona, pombe au kifafa, kitaonekana mapema.

*Mazoezi.* Uliza moja kwa moja. Daktari wa kliniki yenye foleni ana dakika chache kwa kila mgonjwa, na katika dakika hizo atapanga dawa. Omba kuonana na mwanasaikolojia tiba kwa miadi ya peke yake, na useme unatafuta mazoezi ya kukabili hofu na kuzuia tendo. Usipoomba, unaweza kuhudhuria kwa miezi ukawa mtu wa kuchukua vidonge tu.

*Dawa.* Hapa ndipo penye uzoefu wa kupandisha dozi, kubadili dawa iliyoshindwa na kuongeza ya pili. Klomipramini huhitaji jicho la namna hiyo. Hukausha mdomo, hufunga choo, huleta kizunguzungu, huweza kugusa mapigo ya moyo, na ikizidishwa ni hatari. Isikae mahali ambapo mtoto, au mtu aliyekata tamaa, anaweza kuifikia.

*Gharama na marudio.* Ni hospitali ya umma. Mwenye bima aulize mapema kama inataka barua ya rufaa, na asiye na uwezo aonane na afisa ustawi wa jamii kabla ya kurudi nyumbani akisema hana hela. Foleni ni ndefu, hivyo asubuhi yako yote itakwenda.

*Macho ya watu.* Tuseme ukweli, hapa ndipo panapouma. Jina la hospitali hii limefanywa tusi nchi nzima. Mtoto akikosea anaambiwa "utapelekwa Mirembe." Tusi hilo limewanyima tiba watu waliokuwa umbali wa nauli ya daladala. Lakini fahamu unachokwenda kukifanya pale: utaingia kliniki ya nje, utaongea, utatoka na tarehe ya kurudi. OCD ni nadra sana kumlaza mtu. Isanga, ambayo watu huitaja kwa kunong'ona, ni taasisi ya wagonjwa wenye mashauri ya jinai, na haikuhusu wewe unayenawa mikono.

*Inamfaa nani.* Aliyezidiwa, aliyekwisha kujaribu dawa moja bila nafuu, mwenye ugonjwa mwingine juu ya huu, na yeyote anayetaka uhakika wa jina la kinachomsumbua.

Mlango wa pili: hospitali ya rufaa ya mkoa, au Benjamin Mkapa

Nazungumzia ile tunayoiita General, katikati ya mji, na Benjamin Mkapa iliyo katika eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma. Msomaji wa Singida au Iringa aweke hapa hospitali ya rufaa ya mkoa wake.

*Utambuzi.* Hutegemea nani amekupokea. Wengi hufikishwa hapa na ngozi: mikono imepasuka kwa sabuni na dawa za kusafishia, wanapewa mafuta ya kupaka, wanarudi baada ya mwezi ikiwa imepasuka tena, na hakuna aliyeuliza wananawa mara ngapi. Ukisema "nina wasiwasi, silali," daktari wa mapokezi anaweza kukuandikia amitriptilini au diazepamu. Hizo hazitibu OCD. Ya kwanza ni ya sonona na haina nguvu kwa tatizo hili. Ya pili hutuliza kwa saa chache, na ukiizoea ni kazi kuiacha. Sema hivi badala yake: "Daktari, nina mawazo yanayonijia bila kutaka, na kuna vitendo navirudia, vinanila saa kadhaa kwa siku. Naomba kuonana na mtu wa afya ya akili." Sentensi hiyo itakufikisha mbali.

*Mazoezi.* Uliza kliniki ya afya ya akili hufanyika siku gani na kama yupo mwanasaikolojia. Ukiambiwa yupo mnasihi, yaani mshauri, soma nilichoandika kuhusu unasihi kwenye mlango wa tatu.

*Dawa.* Daktari anaweza kuanza fluoksetini vizuri tu. Faida nyingine ni vipimo: damu, tezi ya shingo, moyo kabla ya klomipramini, ujauzito. Mjamzito au anayenyonyesha asikimbilie kuacha dawa wala kuanza peke yake, aseme hali yake. Ugonjwa huu huweza kuanza au kuzidi baada ya kujifungua, na hospitali yenye wodi ya wazazi ina mahali pa kuuonea.

*Gharama na marudio.* Kwa mfanyakazi wa katikati ya mji au mwanafunzi wa UDOM ni safari fupi. Dawa ikikosekana dirishani utaandikiwa ukanunue nje. Nenda famasi kamili na cheti chako, si duka la dawa muhimu la mtaani.

*Macho ya watu.* Pengine ndipo penye nafuu kuliko kliniki zote. Hakuna anayejua kama umekuja kwa malaria, kwa presha au kumwona mgonjwa.

*Inamfaa nani.* Anayeanza, ambaye hajawahi kumwambia mtu, na ambaye jina la Mirembe lingemfanya asiende popote.

Mlango wa tatu: mwanasaikolojia wa kulipia

*Utambuzi.* Mtaalamu aliyesomea saikolojia tiba, kwa mfano shahada ya uzamili kama inayotolewa Muhimbili, anatakiwa kuutambua ugonjwa na kuupima. Ipo fomu maarufu ya maswali 10, iitwayo Y-BOCS, iliyochapishwa Marekani mwaka 1989, yenye alama 0 hadi 40, ambapo 16 hadi 23 ni ugonjwa wa wastani na 24 kwenda juu ni mkali. Omba upimwe nayo siku za mwanzo na upimwe tena baada ya vikao kadhaa. Bila hivyo utalipa miezi mingi kwa kuhisi tu kwamba "mazungumzo yalikuwa mazuri."

*Mazoezi.* Akiwa anaijua kazi, hapa ndipo utakapopata muda. Saa nzima ni yako, na anaweza kukufuata mpaka jikoni kwako. Asipoijua, ni hasara. Watu wengi wanaojiita washauri wamejifunza unasihi wa ndoa, wa msiba, wa vijana. Ni kazi ya heshima, lakini OCD hugeuza faraja kuwa chakula chake. Mshauri mwema atakwambia "wewe ni mama mzuri, huwezi kumdhuru mwanao," utatoka ukiwa mwepesi, na jioni utampigia akwambie tena. Baada ya muda yeye mwenyewe amekuwa sehemu ya tendo lako.

Ndiyo maana nashauri umuulize maswali matatu kwa simu kabla ya kulipa. Umewahi kutibu OCD? Vikao vyetu vitafanya nini hasa? Utanipa mazoezi ya nyumbani? Akijibu kwamba tutachimba chanzo cha utotoni mpaka tukipate, au tutapumua na kufikiri mema, mshukuru na utafute mwingine. Akitaja ngazi ya hofu, kugusa bila kunawa, kuondoka bila kukagua, umempata.

*Dawa.* Haandiki. Mwenye ugonjwa mkali atahitaji daktari pembeni, na inapendeza wawili hao wakijuana.

*Gharama na marudio.* Kwa kawaida utatoa mfukoni, na bima nyingi hazimgusi. Zidisha ada ya kikao kimoja kwa 12 kabla hujaanza. Kama haitoshi, mwambie wazi. Vikao vya kila wiki mwanzoni, kisha kila baada ya wiki mbili, huku ukifanya mazoezi kwa bidii, ni bora kuliko vitatu vya haraka kisha kimya.

*Macho ya watu.* Pazuri kwa kiasi kikubwa, ingawa Dodoma ya Area C na Kisasa ni ndogo kuliko inavyoonekana. Muulize anatunzaje kumbukumbu zako.

*Inamfaa nani.* Mwenye kipato cha kuaminika, mwenye ugonjwa wa wastani, anayetaka kujaribu mazoezi kabla ya dawa, na mzazi wa mtoto au kijana, maana kwa watoto mazoezi pamoja na wazazi ndiyo huanza.

Mlango wa nne: kwa simu au video

*Utambuzi.* Mtaalamu wa Dar es Salaam au Nairobi aliyewatibu wengi wenye OCD anaweza kukutambua vizuri kwa video. Hatakupima damu wala kukuona unavyotembea. Hakikisha ni nani. Akijitambulisha kuwa daktari, basi awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, au baraza la nchi yake.

*Mazoezi.* Watu hudhani video ni tiba ya daraja la pili. Kwa ugonjwa huu tafiti zimeonyesha hufanya kazi vizuri, na ina faida moja ambayo ofisi haina: hofu yako iko nyumbani, na simu nayo iko nyumbani. Unaweza kumwonyesha beseni, kitasa, mkeka wa kuswalia, kisha ukafanya zoezi mbele yake pale pale panapokutesa.

*Dawa.* Kama ni mwanasaikolojia, hakuna. Kama ni daktari, bado utahitaji kituo cha karibu cha kukufuatilia.

*Gharama na marudio.* Nauli hakuna, vocha ipo. Kwa mtu wa Kondoa, karibu kilomita 160 kutoka mjini, au wa Mpwapwa na Kongwa, hii inaweza kuwa tofauti kati ya vikao 15 na vikao viwili. Mtandao ukiyumba, kikao cha sauti tu kinatosha kwa siku hiyo.

*Macho ya watu.* Mtaani hakuna anayekuona. Nyumbani ni habari nyingine. Nyumba ya kupanga yenye kuta nyembamba na wadogo zako kitanda cha pili haina siri. Spika za masikioni husaidia upande mmoja tu, kwani sauti yako bado inasikika. Wengine hufanyia kikao ndani ya gari lililoegeshwa au ofisini saa ya chakula.

*Inamfaa nani.* Aliye wilayani, mtumishi anayehamishwa hamishwa, anayeogopa kabisa kuonekana, na mwenye hofu ya uchafu iliyomfungia ndani. Haimfai anayefikiria kujiua wala mtoto mdogo asiye na mtu mzima wa kukaa naye kwenye kikao.

Vipi kuhusu shehe, mchungaji na paroko?

Sijawaweka kama mlango wa tano kwa sababu hapa nalinganisha tiba. Wala sisemi uwaache. Kwa mtu ambaye OCD yake imeingia kwenye ibada, kiongozi wa dini mwenye hekima ni mshirika mkubwa. Shehe akimwambia kijana kwamba udhu ni mara moja, shaka inayokuja baadaye haiangaliwi, na akakataa kulijibu swali hilo tena, amefanya sehemu ya kazi ya mtaalamu. Paroko anayekubali kupanga ungamo moja kwa muda uliowekwa, badala ya kila siku, vivyo hivyo. Kinachoumiza ni maombezi ya kutoa pepo kwa mtu ambaye tayari anaamini kwamba mawazo yake yanathibitisha ubaya wake. Huyo hutoka akiwa na hofu mbili. Ukiweza, mwombe kiongozi wako aongee na anayekutibu, wakubaliane neno moja.

Ukiiangalia hali yako

Kama unafikiria kujiua, au huli wala kunywa kwa hofu ya uchafu, hakuna cha kulinganisha. Nenda hospitali iliyo karibu leo, usiku huu kama ni usiku, na mtu wa kukusindikiza. Vivyo hivyo kwa kijana wa chini ya miaka 25 aliyeanza dawa hizi akawa na mawazo ya kujidhuru katika wiki za mwanzo: arudishwe kwa daktari mara moja.

Mwanafunzi mwenye bima na asiye na pesa aanzie Benjamin Mkapa, kwa ile sentensi niliyoiandika, na aombe rufaa kama miezi mitatu ya dozi ya kutosha haikuleta nafuu.

Mtumishi wa Mtumba mwenye ugonjwa wa wastani na uwezo wa kulipa anaweza kuanza na mwanasaikolojia, kwa video au ana kwa ana, kwa sharti la yale maswali matatu. Alama zisiposhuka baada ya vikao kama 12 alivyovifanyia kazi kweli, aongeze dawa.

Aliyezungushwa na vidonge vya usingizi kwa miaka asiendelee kuzunguka. Aende Mirembe na karatasi yenye majina ya dawa zote alizopewa, dozi na muda aliozitumia. Kwenda Muhimbili kunawezekana pia, na treni ya SGR tangu mwaka 2024 imefanya Dar kuwa safari ya siku moja. Lakini sioni sababu ya mtu wa Dodoma kulipa nauli hiyo kila mwezi kabla ya kuijaribu hospitali ya taifa iliyo mtaani kwake, ila kama ni kukwepa macho, na sababu hiyo naiheshimu.

Mama wa Kondoa au Manyoni anaweza kuchanganya: aje mjini mara moja kwa utambuzi na dawa, aombe fomu ya kuendelea na dawa katika hospitali ya wilaya, na mazoezi ayafanye kwa simu. Kabla ya kupanda basi apige simu kuuliza siku ya kliniki.

Na kama mgonjwa ni mumeo, binti yako au mdogo wako, naye hataki kwenda popote, nenda wewe. Mlango wowote kati ya hii minne unaweza kukupokea kama ndugu. Kuna kazi utapewa ya kufanya nyumbani, kwa sababu kila unapomjibu "ndiyo, nimefunga, nina uhakika," kila unapoosha vyombo mara ya pili ili alale, ugonjwa unapata msaidizi. Usiache ghafla wala kwa hasira. Kaeni wakati ametulia, mkubaliane jambo moja dogo la kuanzia: swali la mlango litajibiwa mara moja tu kwa usiku, na likija la pili utasema kwa upole, "Hilo ni la ugonjwa, silijibu, ila nakaa hapa na wewe." Kisha ukae kweli mpaka hofu yake ishuke.